Keke, Jiwe na Mkono wa Fundi

Anayefungua kamusi za zamani za Kiswahili atakuta kwamba mafundi wetu wa pwani walikuwa na jina kwa kila kipande cha keke. Chuma kinachotoboa kiliitwa kijembe. Mti ambamo kijembe kimechomekwa uliitwa msukano. Kishikio cha juu, ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja huku msukano ukizunguka ndani yake, kiliitwa jivu. Na upinde wenye kamba ya kuzungushia uliitwa uta. Nimefundisha ufundi kwa miaka mingi, na kila nilipowasomea wanafunzi majina hayo manne walicheka kidogo, hasa kwa hilo jivu. Baada ya kicheko niliwauliza: sisi wenye drili ya umeme, sehemu zake tunaziitaje? Kimya. Kisha mmoja angejitosa: "Biti, Mwalimu." Mwingine: "Na ile ya kubania." Basi, hapo ndipo walipofika.

Sisemi haya kwa kuwadharau. Nasema kwa sababu keke hiyo ya upinde ilifanya kazi kubwa. Mitepe, vile vyombo vya kale vya pwani vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, haikuwezekana bila matundu mengi yaliyotobolewa kwenye kingo za mbao. Majahazi yaliyopigiliwa misumari nayo yalihitaji tundu kabla ya kila msumari, la sivyo ubao ungepasuka. Fundi wa Lamu au wa Bagamoyo alitoboa matundu hayo yote kwa keke, na kijembe kilipochoka alikinoa mwenyewe. Kunoa kwake kulikuwa kwepesi: kijembe ni bapa, na kwa kuwa uta humpeleka mbele na kumrudisha nyuma, makali yake hunolewa pande zote mbili ili yakwangue kwenda na kurudi. Kasoro ndogo ya pembe haikumsumbua sana. Ubao husamehe.

Chuma hakisamehe. Na historia ninayotaka kuisimulia ni ya biti ya kutobolea chuma, hii yenye mifereji miwili iliyojisokota, ambayo leo imejaa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Msomaji ameiona mara nyingi. Pengine hajapata kujiuliza kwa nini ina umbo lile, na nani aliyeamua namna ya kuinoa.

Kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya na Marekani walitoboa chuma kwa biti bapa, iliyofuliwa na mhunzi ikapigwa ncha kama mkuki. Biti hiyo ilitoboa, ila kwa shida. Haikuwa na njia ya kutoa maranda ya chuma nje ya tundu, kwa hiyo fundi alilazimika kuichomoa mara kwa mara. Tena kila iliponolewa ilipungua upana, kwani ilikuwa nyembamba kuelekea nyuma. Tundu la leo halikuwa sawa na la jana. Biti ya kusokotwa iliondoa kasoro hizo zote mbili kwa pamoja. Mifereji hupandisha maranda juu, na unene wa biti ni karibu ule ule kutoka ncha hadi mkiani, hata uinoe mara mia.

Watu huandika kwamba iligunduliwa na Stephen A. Morse wa Massachusetts, aliyepata hataza yake tarehe 7 Aprili 1863. Mimi huongeza neno moja hapo. Morse aliifanya biti hii iwe bidhaa ya kiwandani, na kampuni yenye jina lake ikakaa New Bedford, mji uliokuwa umetajirika kwa uwindaji wa nyangumi. Lakini biti za kusokotwa zilikuwapo kabla ya hataza hiyo, na ushahidi wake ni kisa kizuri cha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861. Kiwanda cha Providence Tool Company kilikuwa kinatengeneza bunduki za jeshi la Kaskazini. Kila bunduki ilihitaji kijinundu kidogo cha kupokea fataki, na kijinundu hicho kilitakiwa kitobolewe tundu jembamba. Biti za kutobolea zilikuwa za kusokotwa, na mifereji yake ilichongwa na mafundi kwa mkono, kwa tupa ya mviringo, moja baada ya nyingine. Msimamizi wa kiwanda, Frederick Howe, alimwendea Joseph Brown, jirani yake katika mji huo huo, akamweleza kwamba kazi hiyo ya tupa inamchelewesha. Brown akabuni mashine ya kuchonga chuma ambayo iliweza kukata mfereji wa kusokotwa bila mkono wa mtu kuuongoza. Ya kwanza iliuzwa mwaka 1862. Mashine hiyo, iliyozaliwa kwa ajili ya biti, ikaja kuwa mojawapo ya mashine muhimu kupita zote katika karakana za dunia.

Nawaomba wasomaji waliangalie jambo moja hapo. Mfereji ulitoka mkononi mwa fundi mwaka 1862. Ncha haikutoka. Mashine ya Brown ilisokota, lakini biti ilipokuwa butu, fundi yule yule aliirudisha kwenye jiwe na kuinoa kwa macho na vidole vyake. Na ncha ndiyo inayokata. Mifereji ni ya kuondolea takataka tu.

Jiwe nalo lina historia yake. Zamani lilikuwa jiwe la kweli, la mchanga uliogandamana, likizungushwa huku likimwagiwa maji. Kisha yakaja mawe ya kutengenezwa kwa emeri, iliyochimbwa Uturuki na katika kisiwa cha Naxos cha Ugiriki, ikashikamanishwa kwa udongo na kuchomwa kama chungu. Na kweli kampuni ya Norton ya mji wa Worcester, iliyokuja kuwa mashuhuri kwa mawe hayo, ilianza kama kiwanda cha vyungu. Mwaka 1891 Edward Acheson, huku akitafuta namna ya kutengeneza almasi bandia, alipitisha umeme katika mchanganyiko wa udongo na unga wa makaa. Hakupata almasi. Alipata chembe ngumu zinazomeremeta, akaziita karborandamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 likafuata jiwe la oksaidi ya alumini, ambalo ndilo hasa la kunolea biti za kawaida. Lile la kijani ambalo wengine hulinunua kwa sababu ya rangi yake ni la vyuma vya aina nyingine, vile vyenye ncha ngumu ya kabaidi.

Na chuma chenyewe kikabadilika. Biti za Morse zilikuwa za chuma cha kaboni, ambacho ukikizidishia joto kwenye jiwe hugeuka rangi ya manjano, kisha kahawia, kisha buluu, na kikishafika buluu kimekwisha kulainika. Hutatoboa nacho kitu. Kati ya mwaka 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa katika kiwanda cha Bethlehem huko Pennsylvania, waligundua namna ya kukipa joto kali sana chuma chenye tungsteni hata kikaweza kukata huku chenyewe kimeiva na kuwa chekundu. Walikionyesha Paris mwaka 1900, na wenye viwanda waliokwenda kukitazama walirudi kwao wakijua kwamba mashine zao zimepitwa na wakati. Hiki ndicho chuma kinachogongwa herufi HSS kwenye mkia wa biti. Aina iliyotawala kwa miaka mingi ilikuwa na tungsteni asilimia 18, kromi asilimia 4 na vanadi asilimia 1.

Huyu Taylor nataka nikae naye kidogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo limenishughulisha maisha yangu yote ya ualimu. Alianza kazi katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, mwaka 1878. Akaona kwamba kila fundi ananoa vyombo vyake apendavyo: huyu pembe kali, yule pembe butu, na kila mmoja ana sababu zake alizorithi kwa aliyemfundisha. Mwaka 1880 akaanza majaribio. Alipotoa taarifa yake mwaka 1906 alikuwa ametumia miaka 26, amefanya majaribio kati ya 30,000 na 50,000, na amegeuza zaidi ya tani 360 za chuma kuwa maranda. Majaribio yale yalihusu hasa vyombo vya mashine ya kukereza, lakini hukumu yake ilihusu makali yote. Alisema kunoa kuondolewe kwa fundi. Vyombo vikusanywe katika chumba kimoja, vinolewe kwa mashine, kwa pembe zilizokwisha kuamuliwa na ofisi, na fundi akabidhiwe kikiwa tayari.

Je, alikosea? Rafiki zangu wa enzi za chuo, ambao wengi wetu tulikuwa vijana wa siasa ya Ujamaa, walimwona Taylor kuwa ni adui tu wa mfanyakazi. Mimi sikuweza kukubali moja kwa moja. Katika hesabu ya pembe Taylor alikuwa na haki. Makali mawili ya biti yakitofautiana urefu hata kidogo, ncha huhama kutoka katikati, na biti ya milimita 10 ikatoboa tundu la 10 na nusu. Hakuna heshima ya fundi wala ukongwe wake kazini utakaobadilisha jambo hilo. Lakini Taylor alidhani kwamba kwa sababu fundi anakosea pembe, basi dawa ni kumnyang'anya jiwe. Iko dawa nyingine, nayo ni kumpa kipimo.

Huku kwetu hoja hiyo haikuamuliwa kwa maandishi bali kwa upungufu. Biti za kusokotwa ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi pamoja na reli. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na karakana kubwa ikajengwa hapo. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Ndani ya karakana hizo vijana wa Kiafrika walijifunza kunoa. Baadaye zikaja shule za ufundi, Ifunda mwaka 1951 na Moshi mwaka 1957. Kisha, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na sisi tuliokwenda vyuo vya ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukajikuta tunajifunza saikolojia ya mtoto asubuhi na tupa na jiliwa alasiri.

Mkufunzi wetu wa ufundi hakuwa mtu wa maneno. Alitufundisha biti kwa muda wa wiki tatu, na wiki ya kwanza hakuturuhusu kuwasha mashine. Tulishika biti mpya mbele ya jiwe lililosimama, tukarudia mwendo ule wa mikono mpaka tukachoka. Mkono wa kushoto karibu na ncha, kidole cha shahada kimelala juu ya kiegemeo. Mkono wa kulia mkiani. Biti ielekee jiwe kwa nyuzi 59, kwa kuwa makali yote mawili pamoja hufanya nyuzi 118. Ukali unaonolewa uwe sambamba na ardhi. Gusa, kisha sukuma mbele kidogo huku ukiushusha mkia taratibu, ili nyuma ya ukali pateremke. Mteremko huo, wa nyuzi 8 hadi 12 hivi, ndio siri ya kazi nzima. Ukikosekana, biti hukaa juu ya chuma na kusugua. Inalia, inatoa moshi, haiendi chini hata ukiilalia. Ukizidi, ukali unakuwa mwembamba na kumeguka.

Wiki ya pili tuliwasha. Hapa lazima nieleze habari ya usalama, maana jiwe linalozunguka si kitu cha mchezo. Jiwe jipya hulifungi kabla hujalining'iniza na kuligonga kwa mpini wa mti: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nafasi kati ya kiegemeo na jiwe isizidi milimita 3, la sivyo biti itavutwa ndani na vidole vitafuata. Unapowasha, simama pembeni kwa dakika nzima. Miwani daima. Glovu kamwe. Nami husema hadi leo kwamba mwalimu anayewaonya wanafunzi habari za jiwe bila kuwaonyesha jinsi ya kuligonga amewatia woga tu, hajawafundisha kitu.

Wiki ya tatu ilikuwa ya kupima. Mkufunzi alikuwa na kipimo kimoja cha chuma, alicholeta kutoka masomoni ng'ambo, na hakutaka tukitegemee. "Mtakakopelekwa hakipo," alisema. Akatufundisha kuchukua nati mbili za pembe sita, kuzilaza bapa juu ya meza, ubavu kwa ubavu. Pale zinapokutana hubaki kipengele cha nyuzi 120 kamili, na ncha ya biti iliyonolewa sawa hukaa humo kana kwamba ilizaliwa humo. Nyuzi mbili za ziada hazina madhara. Nilipokuwa mwalimu niliifanya hesabu hiyo ubaoni katika kipindi cha jometri: pembe ya ndani ya pembesita ni 120, mbili zikikutana ni 240, toa katika 360. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia katika jometri waliamka walipoona nati.

Urefu wa makali tuliupima kwa rula ndogo, kutoka ncha hadi pembeni, upande huu na upande huu. Na kipimo cha mwisho ni maranda yenyewe. Biti iliyonolewa vyema hutoa nyuzi mbili za chuma zinazojisokota, moja kila mfereji, zinapanda pamoja. Ukiona mfereji mmoja unatoa na mwingine mtupu, ukali mmoja unafanya kazi ya wawili.

Miaka michache baadaye maneno ya mkufunzi yalitimia. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa 1978, bei ya mafuta ikapanda mwaka uliofuata, fedha za kigeni zikakauka, na tukaingia miaka ile ya kufunga mkanda ambayo wenzangu wa rika hili hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilikuwa tatizo. Sembuse biti ya drili. Shule niliyofundisha ilikuwa Nyanda za Juu, ina karakana nzuri iliyojengwa kwa msaada, na ndani ya makabati biti tulizokuwa nazo zilihesabika. Ya milimita 13 ilikuwa moja.

Mwaka 1983 mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani ilivunjika kishikio cha beringi. Hicho kilikuwa kijiji chenye mashine moja, na wanawake wake wakarudi kwenye vinu, au wakatembea saa tatu na debe kichwani hadi mashine ya pili. Mwenyekiti alikuja shuleni na vipande viwili vya kishikio ndani ya kiroba. Tulikuwa na bamba la chuma la unene wa milimita 12 la kutengenezea kingine, lakini kilihitaji matundu manne ya milimita 13, yanayolingana na bolti zilizokuwapo, na ile biti yetu moja ilikuwa imerudishwa na waliokuja kuiazima ikiwa ncha imeungua.

Pamoja na mwenyekiti alikuja mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli. Alikuwa na umri nilio nao mimi sasa. Nilimwamkia, akaitikia, akaiomba ile biti. Aliigeuzageuza, akaona ni HSS, akasema imeungua juu tu, ndani ni nzima. Akakiomba kiegemeo kisogezwe, akaanza. Alikata kwanza sehemu yote iliyoungua, kama milimita nne, kwa kugusa na kuacha, kugusa na kuacha. Mwanafunzi mmoja alimletea kopo la maji ili aipoze. Mzee akalikataa. Chuma cha kaboni ndicho cha maji, alisema. Hiki ukikizamisha kikiwa moto sana kinapata nyufa ambazo huzioni, halafu ncha inamegeka ukiwa katikati ya tundu. Akaiacha ipoe yenyewe juu ya jiliwa huku akisimulia habari za injini za mvuke.

Kisha akanoa makali. Hakupima kitu. Alipomaliza alinipa, nami nikaitia kati ya nati mbili mbele ya wanafunzi. Ilikaa. Urefu wa makali nilipouweka kwenye rula sikuona tofauti. Wanafunzi wakashangilia, mmoja akasema mzee ana kipaji. Mzee akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba katika karakana ya reli, kwa miaka minne ya mwanzo, kila biti aliyonoa ilipimwa kwa geji na msimamizi kabla hajairudisha kazini, na iliyokosea alirudishiwa. Geji hiyo aliichukia. Mwaka wa tano ndipo waliacha kumpima, kwa sababu haikuwa na haja tena.

Alituongezea jambo ambalo chuoni hatukufundishwa vizuri. Katikati ya ncha ya biti, kati ya makali mawili, kuna ukingo mfupi ambao haukati. Unasukuma na kukwangua tu, na ndio unaokula nguvu nyingi ya mikono. Uti wa biti huwa mnene zaidi kuelekea mkiani, kwa hiyo kila unapoifupisha kwa kunoa, ukingo huo unarefuka. Yetu ilikuwa imefupishwa sana. Mzee alitumia kona ya jiwe kuupunguza uti kutoka kila upande, kidogo kidogo, mpaka ukingo ukabaki kama mstari mdogo. Matundu manne yalitobolewa alasiri ile, na mashine ikasaga siku iliyofuata. Ile biti tuliitumia mpaka nilipohamishwa.

Nimemfikiria mzee huyo kila nisomapo habari za Taylor. Taylor angemtazama akasema: huyu ni mmoja katika mia, huwezi kujenga kiwanda juu yake. Labda ni kweli. Lakini aliyemfanya kuwa hivyo ni geji na miaka minne, na vitu hivyo viwili si haba mahali popote. Jicho lake lilikuwa kipimo kilichohamia ndani ya mtu. Wale mafundi wa Midvale hawakupewa nafasi hiyo. Walinoa kwa mazoea bila kupimwa, kisha wakanyang'anywa.

Nilipokuwa mkuu wa shule, miaka ya 1990, nilipokea barua kutoka ofisi moja iliyokuwa juu yangu kwamba karakana igeuzwe madarasa. Idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka, walimu wa ufundi walikuwa wamestaafu bila kurithiwa, na mashine, kwa maneno ya barua, "hazina matumizi." Hoja ya madarasa sikuweza kuipinga, watoto walikuwa wanakaa chini. Mashine ya kukereza ilibebwa ikapelekwa stoo ya mkoa, na sikuiona tena. Jiwe la kunolea nililiomba libaki, nikalifunga kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi yangu, na Jumamosi wale waliotaka walikuja. Shule nyingi hazikubakiza hata hilo. Kizazi kizima cha walimu wetu kimepita vyuoni bila kugusa jiwe, na sioni ajabu kwamba wanaliogopa.

Sasa ufundi umerudi, kwa jina la amali. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024, na baadhi ya shule za sekondari zimepewa mkondo huo, na vifaa vimeanza kuwasili. Mwaka jana alinitembelea mwalimu kijana, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye amepangiwa karakana ya shule kama hiyo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Vifaa vimefika?"

Vimefika, akasema, hata drili ya kusimama. Na biti? Biti zipo, seti tatu. Nikamwuliza wakizimaliza? Akacheka. "Mwalimu, siku hizi biti ni bei ya soda. Ikifa tunatupa."

Sikumkatalia yote. Biti ya milimita 3 hata mimi situmii muda wangu kuinoa. Macho hayaniruhusu, na kweli ni bei ya soda. Lakini nilimwambia aende dukani aulizie ya 13, ya 16, ya 20, kisha alinganishe na fungu la shule. Na nyingi za zile za bei ya soda zimegongwa HSS mkiani bila kuwa HSS. Ukizigusisha jiwe huzitambua mara moja, zinageuka buluu na kulainika kama zile za zama za Morse. Mwalimu asiyejua kunoa hawezi kulijua hilo. Atawaambia wanafunzi kwamba chuma kimekuwa kigumu. Tena biti mpya ya dukani imenolewa kwa chuma cha kawaida. Ukitoboa shaba nyeupe nayo hujikita na kung'ang'ania, na unapaswa kuyapunguza makali yake kidogo mbele. Huo nao ni kunoa.

Akaniuliza kama ninaweza kwenda. Nilikwenda mara mbili, mwezi Julai na mwezi Septemba. Wavulana kumi na wawili na wasichana tisa. Wiki yao ya kwanza mashine haikuwashwa. Mara ya pili tulipima biti zote zilizonolewa kwa nati, tukaandika matokeo kwenye daftari lenye jina la kila mmoja, na waliokosea wakarudia. Wasichana wawili walipata mara tatu mfululizo, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuanza kuwapimia wenzake bila kuombwa. Mwalimu wao ananoa vyema zaidi yao, lakini bado anakimbilia maji kila biti inapopata moto. Jiwe lao limeliwa katikati likafanya bonde, kwa sababu wote wananolea mahali pamoja, na makali yanatoka yamepinda. Linahitaji kunyooshwa kwa kile chombo chenye magurudumu madogo ya meno, ambacho hakikuja pamoja na vifaa. Nimeandika jina lake na namba ya ukubwa kwenye karatasi, ameiweka mfukoni, na fungu la robo hii limekwisha.